Kompyuta Iliyomfanya Ishimwe Yatima

Saa mbili asubuhi, Adventina Bonaventura anapangusa vumbi jekundu kwenye kompyuta kwa pindo la khanga, anaiwasha, anasubiri. Jenereta inakohoa nyuma ya kontena lililo ofisi yake. Mlangoni ameketi Niragira, mkimbizi kutoka Burundi. Anakuja kila siku tangu lori lilipoondoka na binti yake, na hakuna mwenye moyo wa kumwambia aondoke.

Ni mwaka 2007, na kambi hii wilayani Ngara inafungwa; wakimbizi wanarudishwa Burundi kwa malori. Adventina, mwenyeji wa Kibimba, ameajiriwa na shirika moja la misaada kuhamishia kumbukumbu za wakimbizi kwenye mfumo wa mtandao uliojengwa juu ya kiunzi kipya cha programu, yaani msingi uliokwisha kuandikwa na wengine. Katika kiunzi hicho kila mtu ni "kitu" chenye sifa zake, na kila kitu hufuata kanuni za kundi lake. Ukiweka kanuni moja kwenye faili la mipangilio, maelfu ya watu wanaifuata papo hapo.

"Uzuri wake ndio huo," anasema. "Na balaa lake ndilo hilo hilo."

Kanuni ya familia ilikuja na kiunzi, imeshaandikwa: wenye jina moja la mwisho ni nyumba moja. Adventina aliiacha ilivyo. Shuleni alizoea mtoto kubeba jina la baba, kama yeye anavyobeba la Bonaventura. Lakini Warundi humpa kila mtoto jina lake mwenyewe, na Wahangaza wa zamani, kabila la Adventina, walifanya vivyo hivyo.

"Bibi yangu alizaa watoto saba, majina saba. Nilijua, jamani! Akili ilikwenda wapi?"

Basi Ishimwe, mtoto wa miaka sita, akaonekana hana mtu duniani. Alipandishwa lori la watoto wasio na wazazi na kuvushwa mpaka, mama yake akiwa ameenda kuteka maji.

"Majirani wanasema alikuwa anaita mama, mama," Niragira anaeleza. "Wakamwambia, nyamaza, utamkuta huko mbele."

Adventina amebadilisha kanuni. Sasa familia zinaunganishwa kwa kauli ya mama na kibanda walichoishi. Mfumo ulipowashwa upya, watoto kumi na mmoja waliohesabiwa yatima walionekana kuwa na mama zao. Kumi bado wako kambini.

Kituo cha upande wa pili kimejibu kwa redio: Ishimwe alichukuliwa na mtu aliyejiita mjomba. Walikoelekea hakujulikani. Niragira hana kaka.

"Dada, hiyo mashine sasa inajua mimi ndiye mama yake?"

"Inajua, mama Ishimwe."

"Imechelewa."

Adventina anainamisha kichwa. Anaona aibu, na haifichi. Ameomba ruhusa ya kuvuka na Niragira kwa lori la Ijumaa, wakaulize kijiji kwa kijiji. Wakubwa wake hawajamjibu.

"Hata wakikataa nitakwenda," anasema. "Mimi ndiye niliyemnyang'anya mtoto. Nitamtazamaje mama huyu akiondoka peke yake?"