Nyuma ya Shuka, Pamoja na Mama

Mutoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mama yangu alitoka Kalembe, akaja Burungu kunisaidia. Kwetu, mama mukwe na mukwe wake hawaangaliani uso. Mume wangu alikuwa akikohoa nje kabla ya kuingia, na mama anatokea mulango wa nyuma. Walikuwa hawajasemeshana hata neno moja.

Siku moja padri alifika na mashini ya sinema na moteri yake ya umeme. Mama alikuwa hajaona sinema maishani, na alitamani sana. Lakini alisema, "Nitabaki na mutoto. Nitakaa wapi, na mukwe wangu iko pale?"

Nilimwambia mume wangu. Akafikiri kidogo, ameegemea fimbo yake ya kuchungia ng'ombe.

"Mama akae nyuma ya shuka ya sinema. Picha inapita mupaka kule. Mimi nitakaa mbele na wanaume. Hatutaonana."

Njo vile tulifanya. Shuka nyeupe ilifungwa kwenye miti miwili katika kiwanja cha shule. Mbele kulikuwa viti vya padri na wageni wake, halafu mabenchi ya wanaume, halafu wanawake kwenye majani. Wenzangu waliniita. Nilijua kule ningeona vizuri zaidi, lakini sikutaka mama aonje kitu kipya peke yake. Nikatandika mukeka nyuma, mutoto kwenye mapaja.

Picha zilikuwa za ng'ombe wa Ulaya, wanene, na mwanamuke anakamua. Mama, aliyekamua tangu utoto, alijisahau.

"Eh! Anakamua upande mubaya! Itamupiga teke!"

Sauti ya mume wangu ikajibu palepale kutoka mbele: "Hapana, Mama! Huku iko upande muzuri! Kule nyuma picha inageuka!"

Watu wote walicheka. Mama akafunika mudomo kwa kikwembe alichojifunga, sijui kwa haya ao kwa kicheko. Njiani kurudi hakuniuliza lolote juu ya ng'ombe wale. Alisema tu, "Ameniita Mama."

Sinema iliporudi, padri alitundika shuka kwenye ukuta wa shule. Nyuma hakukuwa nafasi. Mama aliona, akageuka kwenda nyumbani. Mume wangu alikuwa tayari kwenye benchi ya kwanza, mahali alipopenda kupita pote. Alitazama ukuta, akainuka, akapita mbali kando ya mikaratusi bila kugeuza kichwa. Nilimukimbilia mama.

"Rudi, Mama. Ameenda kwa ng'ombe."

Alikaa na wanawake mupaka mwisho, lakini hakupenda. "Mbele, watu wa picha wanakukazia macho sana," alisema.

Tulipofika nyumbani, mume wangu alikuwa ameketi nje, mugongo kwenye ukuta. Mama aliingia kwa mulango wa nyuma, akapakata mutoto, akaanza kumueleza sinema yote tangu mwanzo, polepole, kwa sauti kubwa kuliko mutoto wa umri ule anavyohitaji. Mutoto alilala kabla ya katikati. Mama hakunyamaza.