Rangi Aliyoichagua Dada

Macho ya dada yangu yalianza kupotea kutoka pembeni. Kwanza alikuwa akigonga mlango wa kabati, halafu akamkanyaga kuku uani. Siku moja mteja alisimama kando yake dukani kwetu, hapa Kiwanjani, akatoa salaam aleikum na kuirudia bila kuitikiwa, maana dada hakumwona na alifikiri salamu ni ya mwingine; mteja akaondoka akidhani amedharauliwa. Daktari huko Meru alituambia kwamba ugonjwa huo hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Sehemu ndogo ya katikati iliyobaki nayo ilikuwa ikiumizwa na mwanga.

Duka letu ni la kuchapa. Yeye ndiye aliyelianzisha, na ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Watu wa Merti na Korbesa walikuwa wakishuka kwenye lori na kuja moja kwa moja kwake, awaandikie maombi ya basari za shule, malalamiko ya kisima, habari za mifugo iliyoibiwa.

"Mimi si wa kukaa nyumbani," aliniambia tuliporudi kutoka Meru. "Ile nyeupe ya kompyuta ndiyo inanichoma. Ni kama kuangalia bati mpya saa sita mchana. Iondoe."

Nilimwambia inawezekana. Kompyuta yetu ya zamani inatumia mfumo wa bure, ule ambao walioutengeneza wameuacha wazi, yeyote aufungue na kuubadilisha. Mtandaoni nikapata thimu, yaani vazi zima la skrini: rangi za madirisha, vitufe, herufi. Mtu nisiyemjua alikuwa ameishona na kuiacha hapo kwa anayeihitaji. Tukakaa pamoja kuibadilisha rangi. Nyeusi tupu aliikataa, akisema herufi zinaelea. Tukaweka kahawia iliyokolea, na herufi tukazipa rangi ya chai ya maziwa ya ngamia.

"Hapo," akasema. "Hapo naona."

Nilidhani tumemaliza. Kisha akafungua programu ya kuandikia barua, ukurasa ukalipuka mweupe pe, naye akafunika uso kwa mtandio.

Sikuwa nikijua kwamba programu hutengenezwa na watu wasiojuana, na kila kundi lina namna yake ya kuchora dirisha. Programu za ukoo mmoja zilitii vazi letu. Za ukoo mwingine zilitaka rangi ziandikwe upya, mahali pengine na kwa namna nyingine. Kivinjari kilikuwa kimejifungia chumbani mwake, hakikuona kitu cha nje mpaka nilipokipa ruhusa. Basi nikawa nafungua duka mapema kabla ya wateja, nabadilisha mstari mmoja, nafungua programu, naangalia, naifunga tena.

Kila moja ilipokubali nilimwita. "Kahawia ya hii imeelekea wekundu," alikuwa akisema, na nikiangalia vizuri naona kweli. Ile miezi ilikuwa mizuri. Alichapa na kutania wateja, na wasiomjua hawakutambua kitu.

Halafu asubuhi moja mfumo ukajisasisha wenyewe, na kila kitu kikarudi cheupe. Dada hakupiga kelele. Aliinuka, akapapasa ukuta mpaka kwenye benchi la wateja, akaketi katikati yao kama mtu aliyekuja kungoja zamu.

Nilirekebisha tena, moja baada ya nyingine. Mwisho likabaki dirisha la kupigia chapa, lile la kutoa barua kwenye karatasi, ambalo lilikuwa limenisumbua tangu mwanzo. Siku nilipoamini limekubali, nilimwita aje aone. Aliketi kitini, nami nikabonyeza. Dirisha likafunguka jeupe kama chumvi, likajaa skrini nzima.

Niliharakisha mkono kumkinga. Lakini hakuwa amepepesa jicho. Alikuwa amelielekea, macho wazi, anatabasamu.

"Hii sasa imefanana na zingine," alisema. "Umejua kunifurahisha, mdogo wangu."

Niliurudisha mkono.

"Mbona umenyamaza?" akauliza. Halafu, polepole, "Ni nyeupe?"

"Ndiyo, dada."

Akashusha mikono juu ya kibodi, akaifuta vumbi kwa ncha ya mtandio.

"Ile sehemu ya jicho iliyobaki imezima tangu juzi," alisema. "Zile barua za jana nilichapa kwa vidole tu. Hukuona makosa?"

Nilikuwa nimezisoma zote kabla ya kuzipiga chapa. Hazikuwa na kosa.

Hakutaka tulie mbele ya wateja, kwa hiyo tulifunga duka, tukalia huko ndani. Aliendelea kuja kwa muda, nikimsomea alichoandika. Lakini kusomewa barua yake mwenyewe kulimchosha kuliko kazi yenyewe. Binti yake aliyeolewa Merti akaomba mama yake akakae naye, na safari hii dada hakukataa.

Siku ya kuondoka nilimpeleka mpaka kwenye pikapu. Nilimshika mkono apande.

"Usinishike kama mgonjwa," alisema, lakini hakuuachia mkono wangu mpaka dereva alipowasha gari.

Nikarudi, nikafungua duka. Mzee mmoja alikuwa akingoja mlangoni na malalamiko ya mpaka wa shamba. Niliketi kwenye kiti cha dada. Yeye ni mfupi kuliko mimi, na kiti kilikuwa kimeshushwa chini kabisa. Sikukipandisha. Nilichapa nikiwa nimeinua mabega, na mzee akawa ananisemesha, ananisemesha, mpaka akauliza kama namsikia.