Nukta ya Wacera

Mwalimu Nasirumbi hakuandika tena jina la mtoto ubaoni. Walimu vijana waliokuja shuleni kwetu kufanya mazoezi ya ualimu walimshangaa. Alipohitaji mfano wa hesabu alitumia miji, Nyeri, Mweiga, Naro Moru, na alipogawa kazi za usafi aliita kwa namba. Walidhani ni mazoea ya uzee. Mimi nilikuwa darasa la saba mwaka wa 1969, katika shule ndogo juu ya Endarasha, na najua ilivyoanza.

Alikuwa Mbukusu, mtu wa magharibi. Mumewe, Sajini Simiyu, alikuwa askari mjini Nyeri, na nyumba yao ilikuwa huko huko, mtaa wa Skuta. Siku za kazi Mwalimu alipanga chumba cha mabati karibu na shule, na Ijumaa akishuka mjini. Kikuyu chake kilituchekesha, kwa hiyo alizungumza nasi Kiswahili. Likizo ya Aprili alikwenda kusomea hesabu mpya, akarudi na boksi la chaki za rangi. Hesabu hizo hazikuwa za kujumlisha wala kugawanya. Zilikuwa nukta na mistari.

Alianza na wanyama. Akachora nukta za paka, kuku, mbwa na mbuzi, akatuambia tuunganishe wale wasioweza kulala banda moja. "Nukta mbili zenye mstari kati yao hazipati rangi moja," alisema. "Kila rangi ni banda. Sasa niambieni, mabanda machache kabisa ni mangapi?" Tulipenda sana. Hata Theuri, ambaye hakuwahi kupenda kitu cha darasani, alichora mabanda hadi kwenye jalada la daftari.

Wiki iliyofuata madawati mapya marefu yaliletwa, na Mwalimu akaona nafasi nzuri. Aliandika majina ya sisi kumi tuliokaa upande wa dirisha, kila jina na nukta yake. Kila mmoja angekwenda ubaoni na kuchora mstari kati yake na mtu asiyetaka kukaa naye. Kila rangi ingekuwa dawati moja.

"Mwalimu, mimi na Gatimu wacha nichore mistari mbili," Theuri alisema. "Huyo akikula maharagwe ni hatari."

"Wewe rudisha rula yangu kwanza," Gatimu akamjibu.

Tulicheka. Mwalimu alisimama kando, mikono kifuani, akicheka pia. Lakini kufika mtoto wa nne kicheko kilikuwa kimepungua. Kila aliyemaliza kuchora ugomvi wake wa rula au wa mpira alishusha chaki hadi pembeni, kwenye nukta ya msichana aliyeitwa Wacera, akachora mstari mmoja zaidi. Ilisikika chaki tu.

Mimi nilikuwa wa tisa. Sikuwa na ugomvi na mtu. Niliona mistari minane ikiingia kwenye nukta ile, nikasikia macho ya darasa mgongoni. Nikachora wa tisa.

Wacera alikuwa wa mwisho, na ndiye aliyetushinda sote katika hesabu. Hakuchora mstari wowote. Aliangalia ubao kwa muda, akachukua chaki ya rangi. Watano akawapaka nyekundu, wanne buluu, na nukta yake manjano.

"Tatu, Mwalimu," alisema. "Na ya manjano ni yangu peke yangu."

"Sahihi," Mwalimu akajibu.

Miaka mingi baadaye, sebuleni kwake Skuta, aliniambia kwamba bado huisikia sauti yake mwenyewe ikisema neno hilo, kwa furaha, kabla hajaelewa anachokisifu. Humjia akiwa anaosha vyombo au anafunga lango.

Wacera alirudisha chaki kwenye boksi, akachukua mkoba wake, akatoka. Ilikuwa saa nne asubuhi.

"Amewafanyia nini?" Mwalimu aliuliza.

Theuri ndiye aliyejibu, bila mzaha. "Tuliambiwa tu, Mwalimu. Nyumbani. Ati tusikae na yeye."

"Kwa sababu gani?"

"Hiyo hatukuambiwa."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa wazazi walitakiwa kuja kutia sahihi fomu za mtihani wa darasa la saba, na mtoto ambaye mzazi wake hangefika asingefanya mtihani. Jumatano Wacera hakuja. Baada ya masomo Mwalimu alipanda kwao kwa miguu.

Baba wa Wacera, Wamae, alikuwa akipasua kuni. Alivaa gambuti za mpira, zilizofunika miguu hadi magotini, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki mbili. Juu ya gogo kulikuwa na daftari la Wacera, limefunguliwa kwenye ule mchoro. Alikuwa ameuchora tena wote kwa kumbukumbu.

"Hii ni ya nani?" Wamae aliuliza, kidole kwenye nukta.

"Ya mtoto wa Kihara."

"Ndiyo. Na hii ni ya Theuri. Ndiyo." Alipitia nukta nane hivyo, akiitikia kila moja. Kisha akasema, "Wewe ni mtu wa mbali, Mwalimu. Wakati wa hali ya hatari, Wazungu waliokuwa wakisaka Mau Mau waliniweka ndani ya gari, na gunia kichwani. Mashimo mawili ya macho. Watu wa kijiji wakapitishwa mbele yangu. Nikitikisa kichwa, huyo anapelekwa kizuizini. Lakini gunia haikufika chini. Watu waliona miguu, wakanijua."

"Walikulazimisha?"

"Mara ya kwanza walinilazimisha."

Mwalimu hakuuliza kuhusu mara nyingine. Wamae alirudisha kidole kwenye daftari. "Na hii ya tisa?"

"Ya mtoto wa karani wa pareto."

"Hao walihamia hapa kutoka Timau juzi tu, mwaka wa sitini na tatu. Sikuwafanyia kitu."

"Labda waligombana."

"Hatukugombana," Wacera alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, na hawakujua amekuwapo kwa muda gani.

"Huyu atabaki nyumbani," Wamae alisema. "Hiyo picha ni ya ukweli."

"Mstari mmoja si wa ukweli."

"Ukiutoa, rangi zinakuwa ngapi?"

Mwalimu alipiga hesabu kichwani. Hakuweza kumdanganya. "Bado tatu."

"Basi."

"Lakini ya manjano inakuwa na watu wawili."

Wamae aliinua shoka akaendelea na kuni. Wacera alilichukua daftari akaingia ndani.

Alhamisi Mwalimu alinibakiza darasani. "Ulichora kwa nini?"

"Kwa sababu wote walichora."

Hakunigombeza. Alinieleza alikokuwa jana, gunia na yote, kama mtu anayemweleza mtu mzima. Kisha akasema, "Sitakuambia mahali pa kukaa. Nilishawapanga mara moja."

Jioni nilimwambia mama. Aliendelea kuchambua maharagwe. "Kaa na wenzako," alisema. "Sisi ni wageni hapa. Kesho tukiumwa, ni hao watatubeba."

Ijumaa wazazi walikaa kwenye nyasi wakingoja zamu. Mimi niliingia mapema, nikaenda kwenye dawati la nyuma ambalo halikuwa na mtu, nikakaa.

"Wee, umepotea dawati," Theuri alinong'ona. Mama alikuwa ameniona kupitia dirishani, akageuza uso.

Mazungumzo ya nje yalikatika ghafla. Wamae alikuwa akipita katikati ya wazazi. Aliwasalimu, na hakuna aliyeitikia. Mwalimu alimshikia fomu mezani, naye akabonyeza kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, taratibu, kana kwamba karatasi ingeumia. Akatoka alivyoingia.

Wacera, aliyekuja naye, alibaki, akasimama kando ya dawati langu, mkoba mkononi.

"Mstari wako ulikuwa wa nini?" aliniuliza.

"Wa bure."

"Mistari ya wale wengine si ya bure."

"Najua."

Aliniangalia kama alivyouangalia ubao. "Sogea," alisema.

Nilisogea hadi ukingoni kabisa, nusu ya mwili ikiwa nje ya benchi. Alikaa, akatoa kalamu na rula, akaacha nafasi kubwa kati yetu. Hakuniambia nirudi ndani.