Korongo Wawili wa Mama Ndege

Jua limechomoza sasa hivi. Mwanamke mmoja amesimama mlangoni mwa duka la fundi wa kamera, darubini ya fundi machoni, akiukodolea waya wa umeme ng'ambo ya barabara. Wapita njia wanageuka kumtazama, lakini yeye hana habari nao.

"Waya mmoja," anasema, akiishusha. "Sasa nipe ile yangu."

Huyu ndiye Mama Ndege, kama wanavyomwita waongoza watalii wenzake. Huwatembeza wageni kandokando ya kinamasi na kuwaonyesha ndege, kazi aliyoianza mwanawe wa kwanza akiwa bado mgongoni. Msimu wa mvua darubini yake ilimponyoka, ikagonga jiwe. Aliipangusa, akaivaa shingoni, maisha yakaendelea. Kilichomleta hapa ni kichwa kinachomuuma kila jioni.

Anautazama waya uleule kwa darubini yake.

"Fundi, hapa nyaya ziko mbili."

Fundi anacheka. Vioo vya pembe vilivyomo ndani vimehama, anamweleza, na kila jicho linatazama kwake. Macho hujitahidi kuziunganisha picha mbili zinazopatikana, ndiyo maana kichwa kinauma. Yakichoka, yanaziachia.

Mama Ndege hacheki. Anaketi kwenye benchi na kushika tama.

Kule kinamasini kuna korongo aliyefiwa na mwenzake, na waongoza watalii wamempachika jina Mgane. Hivi karibuni, ukungu ukiwa umetanda, Mama Ndege alimwona kwa mbali yuko na korongo mwingine. Alirudi mbio kutangaza kwamba Mgane kaoa, na habari zikaenea. Kesho kuna kundi la wageni waliofunga safari kuja kuwaona maharusi.

"Ukungu haukuniachia hata mti wa kulinganisha; ningeuona nao umekuwa miwili," anasema. "Nimemwozesha mwenyewe kwa mwenyewe! Sasa wageni nitawaambia nini? Mwongoza watalii akishaitwa mwongo, kazi yake imekwisha."

Kesho yaja, na darubini lazima ipatikane. Fundi anamletea moja nyembamba, maridadi. Anaikataa. Anataka aina ya poro, ile ya umbo la zamani yenye mabega mapana, kwa sababu humwonyesha tete lipi liko mbele na lipi liko nyuma, na bei yake haimvunji mgongo.

Poro nazo anazichambua kama mchele. Ya kwanza, akibonyeza vioo vya macho, daraja linalounganisha mirija yake miwili linayumba. Ya pili, akiimulika tochi kwa ndani, ina kuvu. Ya tatu ni ya chuma, imevikwa mpira mzito, na gurudumu lake la kulenga halijalegea hata kidogo.

"Hii ni nzito, mama," fundi anamwonya.

"Afadhali iniumize shingo kuliko kunidanganya."

Nyumbani, mumewe anasikiliza kisa chote akijizuia kucheka.

"Kwa hiyo na mimi umekuwa ukiniona wawili?"

"Thubutu! Mmoja tu kelele zake nimezichoka."

Wanacheka wote, ila usiku ule Mama Ndege hapati usingizi vizuri.

Asubuhi anawakabili wageni kabla hawajavaa viatu vya matope. "Niliwaambia wapo wawili. Nilikosea. Darubini yangu ilikuwa mbovu na sikuikagua. Samahanini."

Wageni wawili wanarudi garini wakinung'unika, na jambo hilo linamchoma. Waliobaki wanatazamana, kisha mzee mmoja anakaza kamba za viatu vyake. "Mama, huyo Mgane mwenyewe yupo?"

"Yupo, baba."

"Basi twende tukamwone."

Wanamkuta katikati ya matete, peke yake. Anainamisha kichwa, anafungua mabawa, anaruka juu na kutua, anaruka tena. Anacheza ngoma ya wawili bila mwenzake. Mama Ndege anaivua darubini mpya na kumpa mzee, naye anaishikilia muda mrefu, kisha anampa mwingine.

"Namhurumia," Mama Ndege anasema njiani, sauti ikiwa chini. "Nadhani ndiyo maana niliamini haraka vile. Nilitaka iwe kweli."

Amepanga kupita pale kila asubuhi, wageni wawepo wasiwepo.

"Akioa kweli, nataka niwe wa kwanza kujua," anasema, akiirekebisha darubini kifuani. "Lakini kabla sijafungua mdomo, nitahesabu kwanza miti."