Jumapili Mama Aliposhuka Ngazi

Mwezi uliopita nilikwenda mtaa wa Sokomuhogo kutafuta kamba ya kuanikia nguo, nikapita mbele ya nyumba tuliyokaa nilipokuwa mtoto. Sikuitambua mara moja. Wameigeuza nyumba ya wageni. Ukumbi wa chini, ambapo wanawake walikuwa wakikaa kuchagua mchele, sasa una meza za vioo na watu wanakunywa kahawa huku wanatazama simu. Msichana wa mapokezi akanikaribisha kwa Kiingereza. Nikamwambia mimi nimekulia humu. Akatabasamu tu, akaendelea na kazi yake. Ngazi bado ziko. Nilizitazama kidogo, nikaondoka, na tangu siku hiyo mama yangu hanitoki kichwani.

Tulikaa juu, chumba kimoja. Chini alikaa mwenye nyumba, mwanamke mtu mzima ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, yeye na mumewe. Baba alikuwa mwashi, aliyekuja kisiwani kutoka bara. Mama alipiga pasi. Kila Alhamisi watu wa mtaani walileta kanzu zao ili Ijumaa wazivae msikitini. Chumba chetu kilinuka uwanga na makaa ya vifuu, na zile kanzu zilikuja na harufu ya udi wa makwao. Mama alipulizia maji kwa mdomo, fuu, halafu pasi ikapita na mvuke ukapanda. Nililala kwa sauti ile miaka mingi. Wakristo mtaani pale tulikuwa nyumba mbili, na hakuna aliyetusumbua. Idi ikifika sahani zilipanda ngazi kuja kwetu, na Krismasi zetu zilishuka.

Nilikuwa na miaka tisa baba alipofariki. Homa ya siku nne, basi. Wanawake wa mtaa walijaa chumbani kwetu, wakatandika mikeka, wakapika, wakamshika mama asianguke. Bi Mkubwa mwenyewe ndiye aliyemvua herini na bangili. Akamwambia, "Kaa ndani, mwanangu. Miezi minne na siku kumi usitoke. Chakula utaletewa, mtoto wako ni wetu." Mama akaitikia, "Haya, Bi Mkubwa."

Hapo ndipo alipokosea. Kule, mjane wa Kiislamu hukaa eda, hatoki nyumbani mpaka siku zake ziishe. Sisi kwenye dini yetu hatuna jambo hilo. Lakini mama siku ile hakuwa na akili ya kueleza mambo ya dini, na wale wanawake wala haikuwapitia akilini kwamba mjane anaweza kuwa wa namna nyingine. Kwao lile "haya" lilikuwa neno lililotolewa mbele ya watu.

Jumapili ya kwanza hakwenda kanisani. Kengele ilipolia alishika nondo za dirisha. Chakula kililetwa, wali kwa mchuzi wa papa, na mimi nilikula nikashiba. Wewe unayenisoma unaweza kudhani shida ya mama ilikuwa watu wabaya. Hapana. Wangekuwa wabaya ingekuwa rahisi. Shida yake ilikuwa wema wao. Angekaa ndani angelishwa, kanzu angeletewa mlangoni, na nyumba isingetetereka. Akitoka, atakuwa amewatukana wote. Na hatukuwa na pa kwenda. Ukoo wa baba ulikuwa bara, na hatukuujua vizuri.

Juma lile zima hakulala vizuri. Nilimwona amepiga magoti kando ya kitanda, hasemi, midomo tu inacheza. Jumamosi akaniambia, "Kesho tunakwenda kumwombea baba yako kanisani. Vaa viatu."

Asubuhi akapiga pasi gauni lake jeusi, akasimama mlangoni. Alisimama muda mrefu hata viatu vikaanza kunibana. Kisha akanishika mkono, na ule mkono ulikuwa umelowa kama aliyetoka kufua.

Chini walikuwepo, Bi Mkubwa na jirani mmoja mwenye ulimi mrefu, ungo wa mchele katikati yao.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Nnakwenda kanisani."

Bi Mkubwa akauweka ungo chini. "Na eda?"

"Sisi hatuna eda, Bi Mkubwa. Siku ile nilipaswa kukwambia. Sikuweza."

"Siku kumi na mbili unakula chakula changu, leo ndiyo unakumbuka kwamba huna eda?"

Yule jirani akadakia, "Mume hajapoa kaburini, mke keshapiga pasi gauni! Huko kanisani kuna harusi?"

Nilitaka turudi juu. Nilimvuta mama, hakuvutika. Akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Chakula chako nimekula, Mungu akulipe. Lakini nikikaa ndani kwa kukuogopa wewe, nitakuwa namdanganya Mungu, wa kwako na wa kwangu. Niwie radhi."

Bi Mkubwa akauchukua tena ungo wake. Tukatoka. Njia nzima watu walikuwa wamekaa kwenye baraza za nyumba zao, na mazungumzo yalikatika kila tulipopita. Mama alikuwa akisema chini kwa chini, "Bwana, nishike. Bwana, nishike," hatua kwa hatua, mpaka na mimi nikaanza kuyasema. Kanisani alikaa pale baba alipozoea kukaa. Akalia kwa sauti. Tangu mazishi ndiyo kwanza namwona analia.

Sahani zikakoma. Kanzu nazo zikakoma. Tulikula muhogo wa kuchemsha kwa chumvi, asubuhi na jioni, na pasi ikakaa baridi juu ya kabati. Na kila Jumapili tulishuka ngazi zile zile. Mama alisema, "Shikamoo, Bi Mkubwa," na Bi Mkubwa alichagua mchele wake kama hakusikia. Kutoitikia shikamoo ni jambo zito, hata mtoto analijua. Nilimuuliza mama kwa nini anajidhalilisha. Akaniambia, "Yule ni mkubwa wangu, na alinishika nilipokuwa naanguka. Mimi namwamkia. Kuitika ni juu yake."

Jumapili ya nne tangu tuanze kushuka, mama akaamkia. Tulikuwa tumeshafika mlangoni tukasikia nyuma yetu, "Marahaba." Hakuinua uso. Halafu akaongeza, "Na huyo mtoto, utampelekaje kwa Mungu na kichwa kama kifuu kilichopurwa vibaya? Njoo hapa, wee." Akanibana katikati ya magoti yake, akanisuka mistari miwili kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka, huku anagomba na mama kwamba gauni jeusi lile linamzeesha. Tulichelewa ibada. Alhamisi yake kanzu moja ikapanda ngazi, ya mume wa Bi Mkubwa.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza mama alipata wapi moyo ule. Hakupenda swali. "Moyo gani? Niliogopa mpaka tumbo likaniuma. Nilimwomba Mungu aniondolee lile tumbo, hakuniondolea. Nikaenda nalo."

Sasa wote wamekwisha. Mama, Bi Mkubwa, hata yule wa ulimi mrefu. Mtaa hauna tena mwenye kanzu za kupigiwa pasi, na ukishuka ngazi hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi. Mwaka huu zamu imenifika mimi. Mume wangu alifariki kabla ya mvua za masika, tumekaa pamoja miaka mingi, na watoto wamerudi makwao na kazi zao. Watu wananipigia simu, pole bibi, halafu wanakata. Hakuna aliyeniambia nikae ndani. Hakuna aliyeniambia nitoke.

Mama alikuwa na mtaa mzima wa kuupita. Mimi ni kuinuka kitandani tu, na nakwambia kweli, kitanda ni kigumu zaidi. Ziko Jumapili ambazo kimenishinda, sitaficha. Kengele nimeisikia, nikajifunika. Juzi Jumapili niliamka magoti yanauma, moyo hautaki, maombi hayaji. Nikavaa. Nilipofika walikuwa wameshaimba wimbo wa pili. Nikatafuta nafasi, nikakaa.