Jeli Iliyoanikwa na Dagaa

Bisha uwezavyo, mimi nilikuwepo. Kwenye zahanati moja ya Mabatini, muuza dagaa aliingia na mwanawe, dume zima lililoungua mguu kwa mafuta ya kukaangia sangara. Akamfungulia nesi karatasi yenye kitu kikavu kama gamba.

"Jeli uliyotupa juzi ya kubandika kidondani ilikuwa mbichi, nesi mwanangu. Nikaianika mwambani na dagaa."

"Mama yangu! Maji ya ndani ya jeli ndiyo yanayoachia dawa polepole!"

"Tangu lini kidonda kikapona kwa majimaji?"

Nesi akabandika nyingine, ya mwisho aliyobaki nayo. Dume likapiga yowe, kisha likatulia. Mguu ukapoa.

Siku hizi biashara huria inatuletea dawa mpya, maelezo yanabaki bandarini.

Haya, nilichoficha: dume lile ni mimi, na nilipiga yowe kabla jeli haijanigusa.