Pasipoti Iliyokatwa Kona

Mama alianza kunisahau kipindi kile kile nilichokuwa nasubiri mhuri. Nilikuwa naishi katika mji mmoja wa Ghuba, nikishona magauni ya harusi kwenye karakana ya mama mmoja mwenye maduka, na kila mwenye kazi kama yangu alikuwa na kibali cha ukaazi kilichogongwa ndani ya pasipoti yake. Pasipoti yangu ilikuwa inakaribia kwisha muda. Nikaenda ubalozini, nikapigwa picha, nikaacha alama za vidole, na baada ya muda nikapewa kitabu kipya cha rangi ya samawati, kurasa zake zikiwa bado zimegandana. Kile cha zamani walinirudishia kikiwa kimekatwa kona ya jalada, maana yake kimekufa. Ila kibali changu kilikuwa humo humo ndani ya kitabu kilichokufa, na kilitakiwa kihamishiwe kwenye kipya.

Kila mtu aliniambia ni jambo dogo. Mtu wa makaratasi wa karakana yetu, mzee ambaye babu zake walitoka Unguja na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu, alivichukua vitabu vyote viwili akaviweka kwenye bahasha ya nailoni.

"Kaa utulie, mwanangu," alisema. "Hiki ni kitu cha wiki moja, ikizidi sana mbili."

Nyumbani Tabora, mama alikuwa akikaa na mdogo wangu wa kike kwenye nyumba yetu ya Isevya. Baba alifariki zamani. Mama ndiye aliyetulea kwa biashara ya karanga: alipanda treni ya Mwanza mpaka Bukene, akanunua magunia kwa wakulima, akarudi nayo kuuza rejareja sokoni. Alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa na kumbukumbu kali. Alijua mke wa nani amejifungua, nani amehamia Cheyo na kwa nini. Alijua hata habari za bibi yake mzaa bibi, aliyeletwa kutoka ng'ambo ya ziwa na msafara wa pembe akiwa msichana, akaishia Tabora kwa sababu miguu ilimvimba na wenzake wakaendelea pwani bila yeye. Mama aliisimulia habari hiyo kama mtu aliyekuwepo.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponipigia kusema mama anauliza jambo moja mara tatu, sikuelewa uzito wake. Nikasema ni umri. Nikasema nitakuja mwezi ujao, nikishapata mhuri.

Wiki mbili zikapita. Nilipomfuata mzee wa makaratasi alikuwa ameshika paji la uso.

"Wamekataa kugonga," alisema. "Jina la babu yako, kwenye kitabu cha zamani herufi ya katikati ni moja, kwenye hiki kipya wameiandika mara mbili. Mashine inasema ninyi ni watu wawili."

"Si watu wawili. Ni mimi."

"Mimi najua. Mashine haijui."

Nilirudi ubalozini kuomba barua ya kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Barua ikapatikana, ikatakiwa itafsiriwe kwa Kiarabu. Ikatafsiriwa, ikatakiwa mhuri wa wizara. Mhuri wa wizara ulipopatikana, dirishani wakasema barua imetaja namba ya kitabu kipya tu, haikutaja ya kile cha zamani. Tukaanza upya. Kila mara nilivua mkanda wa kupimia shingoni, nikaomba ruhusa kwa tajiri, nikapanda basi, nikakaa kwenye viti vya plastiki pamoja na watu wa mataifa mengine waliokaa kama mimi, mikono mapajani, macho kwenye ubao wa namba. Hakuna aliyetutukana. Wahudumu walikuwa vijana wapole. Upole wao ndio ulionimaliza, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kugombana naye.

Muda wote huo pasipoti zangu zilikuwa kwao, na mimi nisingeweza kwenda popote.

Simu za mdogo wangu zilibadilika. Sasa alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha.

"Dada, katoka tena. Nimemkuta stesheni na gunia mkononi. Anasema anawahi treni ya Bukene."

"Amekujua ulipomfuata?"

"Kanijua. Ila kanigombeza, anasema namcheleweshea biashara."

Nilimwomba ampe simu. Mama alikuja na pumzi zake nzito.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unakuja lini?"

"Nakuja, mama. Nasubiri mhuri tu."

"Mhuri wa nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, uwahi basi, mimi nakusubiri." Kisha akauliza tena, "Unakuja lini?" Nikaeleza tena. Tulifanya hivyo mpaka salio likaisha.

Ijumaa moja nilipiga kama kawaida. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, sauti ikiwa nzuri kabisa. Kisha akauliza, "Wewe mtoto wa nani?"

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za karakana, wenzangu wakila chakula cha mchana. Nilimtajia jina langu. Akasema, "Aa, huyo yuko safarini. Akirudi nitamwambia ulimpigia."

Jumapili, siku ofisi za serikali zinapofunguliwa kule, nilimfuata mzee wa makaratasi nikamwambia nataka vitabu vyangu hata kama havijamalizika. Hakunibishia. Alikwenda dirishani, akaondoa maombi, akarudi na ile bahasha ya nailoni.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Kibali chako bado kiko hai, ila kiko humu kwenye cha zamani. Kutoka utatoka, kurudi utarudi, mradi unavyo vyote viwili mkononi. Usiviachanishe. Hiki kilichokatwa kona ukikipoteza, hutaingia tena nchi hii, na mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Tajiri alinipa siku chache tu za ruhusa kwa sababu msimu wa harusi ulikuwa karibu. Nikafika Dar es Salaam, nikapanda treni ya umeme hadi Dodoma, kisha basi. Baada ya Manyoni na Itigi pori lilianza, nalo halina mwisho. Ndiyo njia ile ile ya misafara, sasa ina lami. Nilikuwa nimeipita mara nyingi nikiwa na furaha ya kwenda nyumbani, mizinga ya nyuki ikining'inia mitini, wauza asali wakikimbilia madirisha na chupa zao. Safari hiyo nilifunga pazia. Nilikuwa nimefunga mkoba tumboni chini ya dera, na kila basi liliposimama niliupapasa kuhakikisha vitabu viwili vimo.

Mama alikuwa amekaa uani kwenye mkeka, akipepeta karanga ambazo hazikuwa na maganda. Alikuwa amepungua mpaka nikamwona mdogo kuliko mdogo wangu. Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, mgeni. Umetoka mbali, naona vumbi." Akageuka kumwita mdogo wangu. "Mletee mgeni maji ya kunawa."

Mdogo wangu aliingia jikoni na hakutoka kwa muda.

Siku zilizofuata nilijaribu kila kitu ambacho mtu hujaribu. Nilipika wali wa Bukene na kisamvu cha karanga kama alivyotufundisha. Alisifu upishi, akauliza nani kanifundisha. Nilimwogesha, nikamsuka, nikamshonea dera jipya kwa cherehani yake mwenyewe. Alinishukuru kwa kila jambo, kwa adabu, kama anavyoshukuriwa mtu baki. Majirani waliokuja kunisalimia aliwaambia, "Huyu dada kaja kutoka mbali kunisaidia. Mungu amlipe. Mwanangu mkubwa naye yuko njiani, anasubiri mhuri tu."

Hilo alikuwa amelishika. Jina langu lilitoka, sura yangu ilitoka, lakini neno mhuri lilibaki.

Siku moja asubuhi nilikuwa natoa dawa zake mkobani, nikaviweka vile vitabu viwili kitandani kwake. Niligeuka kumimina maji. Nilipomgeukia alikuwa amefungua kile kilichokatwa kona, amekisogeza karibu na macho.

"Huyu hapa," alisema.

Ilikuwa picha ya ukurasa wa mbele. Tulikwenda kuipiga pamoja, kwenye studio ya jirani na soko, kabla sijaondoka mara ya kwanza. Nilikuwa na mashavu. Mama ndiye aliyenifunga ushungi siku ile, akachomoa pini kwenye wake akaubana wangu, akanifuta jasho kwa kiganja. Picha ya kitabu kipya ni ya mwanamke mwenye mifupa ya uso na macho yaliyochoka kwa sindano, na hata mimi niliipokea kwa mashaka ubalozini.

"Mwanangu huyu," mama alisema. Alilitaja jina langu lote, pamoja na lile la utani alilonipa nikiwa mchanga, ambalo hakuna mwingine anayelijua zaidi ya mdogo wangu. "Umemtoa wapi? Umekutana naye?"

Nilisema, "Mama, ni mimi."

Akanitazama, akaitazama picha, akanitazama tena. Nilivua ushungi ili anione vizuri. Nilijaribu kutabasamu kama yule wa pichani. Akacheka kidogo kwa huruma, akanipiga piga mkono.

"Hapana, dada. Wewe mtu mzima. Huyu bado mtoto."

Tangu hapo hakukiachia. Alikula nacho mapajani. Aliswali amekaa, kitabu kiko pembeni ya msala. Alilala nacho ndani ya foronya, na mchana aliongea nacho, mambo ya bei ya karanga, mambo ya baba, maneno ambayo alikuwa hajanena kwa miezi. Nilikaa kwenye kigoda karibu yake nikasikiliza. Wakati mwingine alimuuliza yule wa pichani swali, nami nikajibu, na yeye akaendelea bila kugeuka. Ndiyo mazungumzo ya mwisho niliyofanya na mama yangu, na hayakuwa na mimi.

Mdogo wangu aliona kilichokuwa kinakuja kabla yangu. Jioni ya mwisho, tukikoka mkaa, alisema, "Huwezi kukiacha?"

"Kibali kiko humo."

"Tukitoa ile picha tu?"

"Ukichana ukurasa mmoja kimeharibika chote."

Tulijua wote wawili dawa za mama zinatoka wapi, na ada za watoto wa mdogo wangu, na mabati yaliyokuwa juu ya vichwa vyetu. Aliipiga ile picha kwa simu yake, akaenda mjini akaikuza kwenye karatasi ngumu, akarudi nayo kwenye fremu. Mama aliitazama, akaiweka chini. Haikuwa kitabu. Haikufunguka.

Asubuhi ya safari nilisubiri asinzie, hakusinzia. Basi lilikuwa karibu kuondoka. Nilipiga magoti nikamwomba kwa upole anipe kile kitabu. Akakikumbatia kwa mikono miwili. Nikamwomba tena. Mwishowe nilivifungua vidole vyake kimoja kimoja, na havikuwa na nguvu yoyote, vilifunguka kama vya mtoto.

"Anamchukua," mama alimwambia mdogo wangu, akinionyesha. "Huyu mwanamke anamchukua mwanangu. Tulimkaribisha, tukamlisha."

Alilia bila sauti. Majirani walikuwa wamesimama mlangoni. Mmoja alinibebea sanduku mpaka barabarani.

Uwanja wa ndege kule Ghuba kijana wa uhamiaji alivifungua vitabu vyote viwili, akalinganisha, akapitisha kidole juu ya kibali, akanirudishia. Haikuchukua hata dakika. Nilirudi karakanani, harusi zikaanza, nikashona. Tulipeleka maombi upya, barua ya tatu ya ubalozi ikakubaliwa, na baada ya Ramadhani mzee wa makaratasi aliniletea kitabu cha samawati, kibali kimegongwa ndani, wino mzito, jina la babu lina ile herufi mara mbili.

"Sasa hiki cha zamani huna haja nacho," alisema. "Kiweke kama kumbukumbu."

Siku hiyo hiyo nilimtafuta mwanamke wa kwetu aliyekuwa anakwenda likizo Tabora. Nilikifunga kitabu kwenye kitambaa cha hariri kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi, akakifikisha Isevya mkononi kwa mdogo wangu. Nilipiga simu nikiwa nimeketi kwenye zile ngazi.

"Umempa?"

"Nimempa."

"Kasema nini?"

"Kakifungua. Kaangalia picha muda mrefu. Halafu kaniuliza ni cha nani, kama kuna mtu kakisahau hapa, tumrudishie."

Sasa kiko juu ya kabati, pamoja na vyeti vya kliniki. Mama hatoki tena kwenda stesheni, miguu haimbebi. Simu nayo hapewi, kwa sababu sauti isiyo na mtu inamtisha. Kila Ijumaa nazungumza na mdogo wangu peke yake. Ananiambia kama mama amelala, kama amekubali uji, kama amegeuzwa ubavu. Nauliza kama mama ana kidonda chochote mgongoni, ananijibu. Kisha tunaagana, kwa sababu ana kazi, na mimi ninarudi kwenye mashine.